Tuwalee Waandishi wa Tamthiliya, Tusiwatumie Tu

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika mkutano wa viongozi wa vijana, walimu wa Kiswahili na wawakilishi wa asasi uliofanyika Ibadakuli, Shinyanga. Tunaichapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuhudhuria.)



Nimeombwa kuzungumzia mafunzo na maendeleo ya kazi kwa waandishi chipukizi wa michezo ya kuigiza. Barua ya mwaliko ilipofika ofisini, mwenzangu mmoja aliniuliza: "Mratibu, watu wanataka visima, wewe unakwenda kuzungumzia maigizo?" Swali lake ni la haki, na naamini wapo humu ndani walio nalo moyoni ila kwa adabu wamenyamaza. Basi nianze nalo.

1. Kwa nini mtu wa miradi azungumzie tamthiliya

Katika kanda yetu hii, tangu Shinyanga na Kahama hadi Geita, yapo matatizo ambayo fedha na mashine huyatatua. Ukichimba kisima kirefu na kamati ikiwa hai, maji yatatoka. Lakini yapo matatizo mengine ambayo hayana pampu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa Shinyanga ndiyo iliyoongoza nchini kwa ndoa za utotoni: kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, takriban 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Wanasheria walifanya kazi yao vizuri. Lakini je, hukumu hiyo imeingia katika kila boma ambamo baba anahesabu ng'ombe?

Tazama pia mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Bibi zetu waliotumia maisha yao kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe na kuni zenye moshi walionekana wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu. Tazama mashambulizi dhidi ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyotikisa Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, hata watoto wakaondolewa majumbani na kukusanywa katika vituo kama Buhangija, hapa hapa katika Manispaa yetu. Tazama vijana wanaoacha darasa la sita kwenda kuponda mawe kwenye maduara na kushika zebaki kwa mikono mitupu.

Ndugu zangu, haya hayatokani na kukosa taarifa. Kila mtu amesikia tangazo. Vipeperushi vimegawiwa mpaka vimefungiwa karanga. Mambo haya yamefungwa ndani ya mahari, deni, hofu na heshima ya ukoo. Hotuba hugonga mlango na kuondoka, lakini mchezo wa kuigiza huingia ndani, ukaketi, ukawafanya watu wajione wenyewe bila kutajwa majina. Baba anayekasirika ukimsema kikaoni atacheka akimwona mwenzake jukwaani, na katikati ya kicheko atanyamaza. Ule unyamavu ndio maendeleo ninayoyazungumzia.

Na ushahidi upo. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio uitwao Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Wengi wenu wa umri wangu mnamkumbuka yule dereva wa lori, Mkwaju, na mambo yake. Kati ya mwaka 1993 na 1995 mchezo huo haukurushwa na kituo cha Dodoma, ili watafiti walinganishe eneo hilo na maeneo yaliyousikia. Matokeo yalionyesha kuwa waliousikia walibadili mwenendo kuliko wasiousikia. Lakini kumbukeni pia jinsi ulivyoandaliwa: utafiti ulifanyika kwanza, na waandishi walifundishwa namna ya kuutumia kabla ya kuandika. Haukuandikwa usiku mmoja kabla ya mkutano wa hadhara.

2. Hatuanzii sifuri

Wapo wanaodhani tamthiliya ni kitu cha wageni. Ni kweli kwamba mchezo ulioandikwa kitabuni ulikuja kwetu kupitia shule. Nakupenda, Lakini ya Henry Kuria, ambayo huhesabiwa miongoni mwa tamthiliya za kwanza za Kiswahili kuchapishwa, ilichezwa kwanza na wanafunzi wa Alliance High School, Kenya, katika miaka ya 1950. Ile ni shule iliyoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti. Kwa hiyo kanisa si mgeni katika jambo hili. Lilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Lakini sanaa ya maonyesho yenyewe ilikuwapo Usukumani kabla ya shule yoyote. Mashindano ya Bagika na Bagalu baada ya mavuno ni nini kama si jukwaa? Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Hakuna mfadhili wala posho ya kuhudhuria. Ukichosha watu, wanahama wakielekea kwa mpinzani wako huku unawaona. Manju wa bugobogobo au wigashe hakupata umanju kwa kuhudhuria semina. Alikaa chini ya mkubwa, akabeba ngoma, akajibu nyimbo za mwenzake kwa misimu mingi kabla ya kusimama na wimbo wake. Pale Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Kanisa Katoliki aliitambua thamani hiyo tangu miaka ya 1950, akaingiza ngoma na alama za Kisukuma ndani ya ibada na kuanzisha makumbusho. Naye Emmanuel Mbogo alichukua simulizi za mganga wetu maarufu akaandika Ngoma ya Ng'wanamalundi, iliyochapishwa mwaka 1988. Kwa hiyo hata shujaa wa nyumbani kwetu ameshafika jukwaani; swali ni kama mtoto wa Kishapu au Solwa atamwandika mwingine.

Baada ya uhuru, taifa nalo liliwekeza. Mwalimu Nyerere mwenyewe, pamoja na shughuli za urais, alitafsiri Shakespeare: Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua idara ya sanaa za maonyesho katika miaka hiyo hiyo ya 1960. Tuone matunda yake. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969, akiwa hajafikisha miaka 30. Penina Muhando alitoa Hatia mwaka 1972, kisha nyingine mfululizo. Edwin Semzaba, aliyefariki mwaka 2016, alituachia Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, kitabu ambacho karibu kila aliyesoma sekondari hapa amekisoma. Watu hawa hawakuota kama uyoga. Walikuwa na walimu, wenzao wa kusoma miswada, waigizaji wa kuijaribu, na mchapishaji wa kuipokea. Mwaka 1981 kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni TaSUBa, na hadi leo kinatoa wasanii waliofundishwa.

Na sasa nifike karibu zaidi na nyumbani. Kati ya mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu, akiwamo Penina Mlama (ndiye huyo huyo Muhando) na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, wilayani Kwimba. Hawakubeba mchezo ulioandikwa Dar es Salaam. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza pamoja matatizo yanayowasumbua, wakayachambua, wakatunga kwa kutumia ngoma na maigizo ya pale pale, wakaonyesha, kisha watazamaji wakajadili. Hiyo ndiyo njia ambayo leo tunaiita sanaa shirikishi, na Mlama ameieleza katika kitabu alichochapisha mwaka 1991. Mwaka 1996 wenzao wa Chuo Kikuu wakaipeleka katika shule za sekondari kwa jina la Tuseme, wasichana wenyewe wakiigiza yanayowazuia kusoma, na baadaye shirika la FAWE likaueneza mpango huo katika nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo njia ambayo watu wa mataifa mengine wamejifunza ilijaribiwa mapema Kwimba, kwa jirani zetu.

3. Tunachofanya sasa

Baada ya kusema hayo mazuri, turudi kwetu. Je, sisi asasi, tukiwamo wa makanisa, tunawafanyia nini vijana wanaoandika?

Kwa kawaida tunawaita siku tatu. Siku ya kwanza ni utambulisho na kuweka matarajio kwenye karatasi kubwa ukutani. Siku ya pili mtaalamu anafundisha mada ya mradi, tuseme lishe au ukatili wa kijinsia. Siku ya tatu vijana wanaambiwa wagawanyike katika makundi na watoke na igizo la dakika kumi na tano lenye ujumbe. Wanalipwa nauli. Igizo linachezwa Siku ya Mtoto wa Afrika, picha zinapigwa, ripoti inaandikwa kwamba vijana 30 wamejengewa uwezo. Mwaka unaofuata tunawaita wengine.

Nitawapa mfano mmoja ninaoufahamu vizuri. Binti mmoja wa kidato cha nne katika mojawapo ya wilaya zetu aliandika mchezo kuhusu ndoa za utotoni. Katika mchezo wake, msichana anatoroka ndoa, anakimbilia kwa mwalimu, kesi inafunguliwa. Kisha inajulikana kwamba ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake walishatumika kumwolea kaka yake. Ndoa ya binti ikivunjika, ng'ombe warudi, na mke wa kaka, ambaye ana mtoto mchanga, naye arudishwe kwao. Mama anakwenda kuomba kesi ifutwe. Mchezo unaishia mama na binti wakitazamana, na mtoto wa kaka analia ndani.

Asasi iliyokuwa imeagiza igizo hilo haikuridhika. Ilisema mwisho hauna ujumbe. Wakaubadili: polisi wanaingia, baba anafungwa pingu, binti anarudi shule, wote wanaimba. Mchezo ukachezwa gulioni, watu wakapiga makofi, wakarudi kwenye biashara zao. Miezi michache baadaye vijana wale wale, bila mfadhili, waliucheza kama ulivyoandikwa mwanzo, katika kijiji kingine, chini ya mwembe. Nilikuwapo. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alisimama akasema, "Sasa ninyi mnatuambia huyu mama afanye nini?" Mwingine akamjibu. Wanawake wakaingia. Jua lilizama wanazungumzia ng'ombe, wana wa kiume, na kwa nini mahari ya dada iwe benki ya kaka. Jambo hilo halikuwa kwenye mwongozo wowote wa mafunzo. Binti wa kidato cha nne ndiye aliyeliona, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiishi ndani yake.

Ndugu zangu, tofauti ya maonyesho yale mawili ndiyo hoja yangu yote leo. Tukimtumia mtunzi kama kipaza sauti, tutapata sauti yetu wenyewe ikiturudia. Tukimlea kama mwandishi, atatuambia tusichokijua. Na mwenye kulipia mchezo ana haki ya kuchagua mada, kuuliza maswali na kusahihisha takwimu, lakini asichague mwisho.

Yule binti yuko wapi leo? Alimaliza shule, akaenda kwa shangazi yake machimboni upande wa Geita kuuza chakula. Mswada wake ulikuwa kwenye daftari la kurasa 48, na daftari halijulikani lilipo. Hatumlaumu mtu. Lakini nchi iliyompoteza mwandishi kama huyo imepata hasara, hata kama haionekani kwenye vitabu vya mhasibu.

4. Mwandishi analelewaje?

Kwa kuangalia uzoefu wa hapa na kwingineko, naona mahitaji manne.

La kwanza, asome. Kijana hawezi kuandika tamthiliya akiwa amesoma mbili tu za mtihani. Asome Kinjeketile, Nguzo Mama, Kwenye Ukingo wa Thim, Kivuli Kinaishi cha Said Ahmed Mohamed. Asome za Kenya, kama Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia. Asome kwa sauti, pamoja na wenzake, kwa maana tamthiliya huandikwa kwa ajili ya mdomo na sikio.

La pili, awe na waigizaji. Shakespeare mwenyewe alikuwa mwigizaji na mwenye hisa katika kikundi chake. Aliwajua watu aliokuwa akiwaandikia. Mwandishi wa peke yake chumbani hajui kuwa sentensi yake haitamkiki mpaka amsikie mtu akijikwaa nayo. Sisi tuna utajiri hapa ambao hatuuoni: kila usharika una kwaya, na kila kwaya ina watu wasioogopa kusimama mbele, wenye nidhamu ya mazoezi mara mbili kwa wiki. Kikundi kama Parapanda cha Dar es Salaam, kilichoanza katika miaka ya 1990, kimeonyesha kuwa kikundi kikikaa pamoja muda mrefu, kinakuwa shule.

La tatu, apewe nafasi ya kuandika upya. Hili ndilo semina za siku tatu haziwezi kulitoa. Huko Marekani, katika jimbo la Connecticut, kuna kituo cha Eugene O'Neill ambacho tangu mwaka 1965 kimeendesha mkutano wa kila mwaka wa waandishi wa tamthiliya. Waandishi hukutana na waigizaji na waongozaji, mchezo unasomwa na kuonyeshwa waigizaji wakiwa na karatasi mkononi, bila mapambo makubwa, mwandishi anarekebisha, unasomwa tena. August Wilson, Mmarekani Mweusi aliyeacha shule akiwa na miaka 15, alipeleka miswada pale akakataliwa mara kadhaa. Mwaka 1982 alikubaliwa. Baadaye alishinda tuzo ya Pulitzer mara mbili, mwaka 1987 na 1990. Nasisitiza mambo mawili: kukataliwa hakukumaanisha hana kipaji, na kilichomsaidia hakikuwa majengo wala taa bali watu wa kuusoma mswada wake kwa makini.

Hata Afrika Mashariki jambo hili limefanyika. Taasisi ya Sundance ya Marekani iliendesha kwa miaka kadhaa mpango wa tamthiliya Afrika Mashariki, ikawaweka waandishi pamoja, ikiwamo katika kisiwa cha Manda, Lamu. Kutokana na juhudi hizo, mwaka 2014 lilianza Tamasha la Kimataifa la Tamthiliya la Kampala, ambalo mmoja wa viongozi wake ni mwandishi Mganda, Deborah Asiimwe. Na Kenya wana tamasha la taifa la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959, ambalo kila mwaka huwalazimu walimu na wanafunzi kuandika michezo mipya. Ukiuliza kwa nini Wakenya wana waandishi wengi wa tamthiliya, anza na tamasha hilo.

La nne, aachwe aandike kwa ukweli wa lugha yake. Kijana wa Nyarugusu anajua msamiati wa machimbo ambao mwalimu wake haujui. Bibi wa Didia akizungumza Kiswahili, Kisukuma kinachungulia. Tusiwasahihishe wahusika wote wazungumze kama watangazaji wa taarifa ya habari. Kule Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliupeleka mswada wao kwa wanakijiji, na wakulima na wafanyakazi wakausahihisha, wakisema mzee hazungumzi hivi, kibarua hazungumzi vile. Serikali ya wakati huo iliufunga mchezo na kumweka Ngugi kizuizini. Kama maneno ya wanakijiji yasingekuwa na nguvu, hakuna ambaye angehangaika nayo.

5. Riziki na haki

Vijana mmeniuliza wakati wa chai: "Je, kazi hii inalipa?" Sitawadanganya. Sijui mwandishi yeyote hapa Shinyanga anayeishi kwa tamthiliya peke yake. Vitabu vya tamthiliya vinavyouzika nchini ni vile vilivyoteuliwa kusomwa shuleni. Kilio Chetu, kilichotolewa na Medical Aid Foundation mwaka 1996, na Orodha cha Steve Reynolds cha mwaka 2006, vimesomwa na wanafunzi wengi kwa sababu hiyo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kwa riwaya na ushairi, na washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Ni jambo jema, na vijana mfuatilie matangazo yake.

Lakini anayejua kuandika majibizano ana ujuzi unaotafutwa: redio za mikoani zinahitaji michezo mifupi, watengenezaji wa filamu wanahitaji miswada, na asasi zenyewe zinahitaji maigizo. Mwalimu anaweza kuandika na kufundisha, na fundi cherehani anaweza kuandika jioni. Msiache kazi zenu. Andikeni mkiwa nazo, kwa sababu ndiko mnakochota habari.

Kuhusu haki: sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mwandishi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ulinzi huo huanza kazi inapotungwa. Hata hivyo kuisajili COSOTA kunasaidia kuthibitisha kuwa ni yako. Tatizo kubwa ni kazi za kuagizwa. Asasi inakupa mada, unaandika, unapewa nauli, na mwaka ujao unasikia mchezo wako ukichezwa mkoa mwingine bila jina lako. Pasipo maandishi, mtunzi hubaki mnyonge. Kwa hiyo kila kazi ya kuagizwa iwe na barua ya ukurasa mmoja, yenye mambo matano: nani mtunzi, analipwa kiasi gani, mchezo utachezwa wapi na kwa muda gani, nani anaruhusiwa kuubadili, na jina la mtunzi litatajwa wapi. Karatasi hiyo haigharimu kitu.

6. Mapendekezo

Mheshimiwa Mwenyekiti, sikuja na mradi mkubwa wa kuombea fedha ng'ambo. Napendekeza mambo sita ambayo tunaweza kuyaanza kwa tulivyo navyo:

(i) Tuchague vijana 12 kutoka majimbo yetu, angalau nusu wakiwa wasichana, tukae nao miaka mitatu badala ya kuita wapya kila mwaka. Wachaguliwe kwa mswada, hata wa kurasa tano za mkono, si kwa kujuana.

(ii) Wakutane mara nne kwa mwaka, mwisho wa wiki, mchana. Tusipange mazoezi ya usiku, maana tukifanya hivyo wazazi watawazuia mabinti, nasi tutasema hawana moyo.

(iii) Kila kijana awe na mlezi mmoja, mwalimu wa Kiswahili au msanii aliyesoma Bagamoyo au Chuo Kikuu, wa kuusoma mswada na kuurudisha ukiwa na maswali. Mlezi aulize, asiandike upya kazi ya mtoto.

(iv) Kwaya moja katika kila jimbo ikubali kuwa kikundi cha kusoma miswada kwa sauti, mara moja kwa miezi mitatu. Baada ya kusoma, mwandishi anyamaze, wasikilizaji waseme walichoelewa na walipochoka.

(v) Ofisi ya miradi itunze nakala ya kila mswada, kwenye karatasi na kwenye kompyuta, kwa jina la mtunzi. Daftari la kurasa 48 lisipotee tena.

(vi) Kila mradi wetu unaotumia maigizo utenge sehemu ya bajeti yake ya uhamasishaji kwa ajili ya malipo ya mtunzi na muda wa kuandika, na utie saini ile barua ya ukurasa mmoja.

Nimeulizwa: je, wakiandika yatakayotukera? Wakimwandika mchungaji mpokea sadaka za wachimbaji bila kuuliza zimetoka wapi? Wakimwandika mratibu wa miradi mwenye gari zuri katika kijiji kisicho na maji? Jibu langu ni kwamba wataandika, na tutaketi mstari wa mbele tukiwatazama. Nabii Nathani hakumhutubia Daudi kuhusu sheria. Alimsimulia habari ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja, na Daudi akakasirika, akahukumu, kabla ya kujua kuwa anajihukumu mwenyewe. Mfalme aliyekubali kusikiliza hadithi ile aliokoka.

Kwa mwenzangu wa ofisini aliyeniuliza kuhusu visima, jibu langu ni hili: tuchimbe visima, na bajeti yake isiguswe. Lakini tukumbuke kwamba wale wanaopigana kisimani, wanaoiba pampu, wanaomnyima bibi maji kwa sababu macho yake ni mekundu, hao hawatengenezwi na fundi. Wanahitaji kujiona. Na wa kuwaonyesha ni kijana anayeishi kwao, aliyefundishwa kuandika vizuri.

Fomu za kupendekeza majina ziko kwa katibu pale mlangoni. Walimu, msiondoke bila kuchukua. Vijana, msisubiri kupendekezwa. Leteni miswada yenu wenyewe, hata kama haijakamilika, nami naahidi itasomwa.